Dari ya Fundi Jiwe

Jumatatu, saa nane na robo mchana, mama mkwe wa Fundi Jiwe alitoka chumbani kwake kwenda kunywa maji, akafika mlangoni, akakaa chini bila kukusudia. Binti yake alikuwa uani akipasua barafu za kuuza. Aliposikia kishindo alitupa nyundo akakimbia. Walimmwagia maji, wakampepea kwa kifuniko cha sufuria, wakamwita muuguzi anayekaa nyumba ya tatu. Muuguzi alimpima pumzi na mapigo, akamtazama macho, kisha akaingia chumbani kuona mgonjwa alikuwa amelala wapi. Hakukaa humo hata dakika mbili, akatoka anajifuta shingo.

"Huyu mama haumwi," alisema. "Anapikwa."

Lilikuwa neno kali, lakini nani angebisha? Chumba kile hakikuwa na dari. Kuta zilikuwa za tofali, na juu yake boriti, na juu ya boriti bati tupu, na juu ya bati jua lenyewe. Ukutani kulikuwa na kipimajoto chenye jina la duka la friji na viyoyozi. Kilionyesha thelathini na tisa.

Kipimajoto hicho kilikuwa zawadi kutoka kwa Meneja. Meneja ndiye aliyemuoa dada mkubwa wa mke wa Fundi Jiwe, na ndiye anayesimamia hilo duka. Mwezi uliopita alikuja kusalimia, akatoa kipimajoto mfukoni, akakipigilia mwenyewe ukutani huku akicheka, na tangu siku hiyo akawa anapiga simu kila mchana: "Mama, leo ngapi?" Mama anataja. Upande wa pili kinasikika kimya kidogo cha huruma. Fundi Jiwe alikuwa anakichukia kile kimya kuliko alivyolichukia joto.

Siku hiyo Meneja alipiga tena, na safari hii hakuuliza namba.

"Shemeji, Jumamosi saa nane mchana nakuja na gari kumchukua mama," alimwambia mke. "Sina ubaya na mtu. Mwambie na mumeo, mwanyumba wangu, asije akaudhika. Kwangu kuna kiyoyozi, kila mtu anajua."

Mke aliweka simu chini. Alikuwa mwanamke mchangamfu, lakini hapo macho yalimjaa maji. Biashara ya barafu aliirithi kwa mama yake, na mpaka leo mama ndiye anayekaa naye uani asubuhi kumwambia bonge hili zima, bonge hili lina ufa, lile wamekupunja.

"Mama akiondoka," alisema, "mimi hapa nitabaki nagombana na nani?"

Fundi Jiwe alisimama katikati ya uwanja, mikono kiunoni. Mama yake mwenyewe alifariki kabla hajaota meno, na katika dunia hii nzima mtu pekee aliyewahi kumwita mama ni huyu bibi aliyelowa maji, anayepepewa kwa kifuniko. Hakulisema hilo. Alisema, "Haendi popote. Nitamwekea dari. Nitaijaza usumba, nione hilo joto litapitia wapi."

* * *

Inabidi kueleza jambo moja, kisha tuendelee. Fundi Jiwe alikuwa mshonaji wa magodoro ya usumba, zile nyuzi za makumbi ya nazi, na jina lake alipewa na wateja kwa sababu magodoro yake hayabonyei. Alilipenda jina hilo kama mwingine anavyopenda cheo. Mteja akija, Fundi huweka glasi iliyojaa maji juu ya godoro, halafu yeye mwenyewe, mtu wa kilo tisini, anakaa kando yake kwa kishindo. Maji hayamwagiki. Siri zake ni mbili: ananyunyizia usumba maji ili ulale, kisha anaushindilia kwa mti mpaka ulie.

Siku ya harusi yake, miaka kumi na moja iliyopita, alimpa mama mkwe godoro moja kama hilo, lenye mistari ya buluu. Mama mkwe alilibonyeza mbele ya wageni, akauliza, "Hili godoro, au meza?" Bwana harusi, kwa ujana na joto la suti, akajibu kwamba mwenye mgongo laini akalale kwenye uji. Wageni walicheka. Mama mkwe hakucheka. Tangu siku hiyo wawili hao hawakusemeshana tena ana kwa ana, hata baada ya kuhamia nyumba moja. Walisemeshana kupitia mke. Kuhusu lile godoro, Fundi aliamini lilishagawiwa zamani, na chumbani kwa mama mkwe hakuwahi kukanyaga hata mara moja kwenda kuhakikisha.

Jumanne asubuhi wanawake walikitoa kitanda nje kikiwa kimefunikwa shuka, na Fundi akaingia na rafiki yake seremala. Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Seremala anapigilia ubao mwembamba chini ya boriti, Fundi anajaza usumba juu yake mpaka kwenye bati, anashindilia kwa mti, unafuata ubao wa pili. Seremala alikuwa amekadiria magunia matatu. Kufikia saa sita Fundi alikuwa ameingiza manne na hawajafika nusu ya chumba.

Mama mkwe alikuwa ameketi kivulini, hatua nne kutoka dirishani.

"Mwambie mume wako usumba haushindiliwi hivyo," alisema.

"Mama anasema usumba haushindiliwi hivyo," mke alisema.

"Nimesikia. Mwambie nimeshona magodoro miaka ishirini na mbili."

"Mama, anasema..."

"Nimesikia. Mwambie nimeuza barafu miaka thelathini."

"Mwambie barafu si godoro!"

"Mwambie joto halijui hilo."

"Mwambie asubiri aone!"

Mke alijitwika sanduku lake la barafu. "Mimi naenda sokoni," alisema. "Mkimaliza kunitumia, mtaniita."

Alipoondoka ikawa taabu. Mama mkwe hakuwa na mtu wa kumtuma, ila maneno yalikuwa yamemjaa. Akaligeukia dirisha. "Dirisha wee," alisema, "kuna watu wanadhani kila kitu kina haja ya kukaliwa." Fundi naye, akiwa juu ya ngazi, akaliambia bati kwamba kuna watu hawajui kushukuru. Seremala alikuwa na misumari mdomoni, na hiyo ndiyo iliyomwokoa asicheke.

Jumatano jioni dari ilikamilika. Iliingia magunia tisa. Fundi aliipiga ngumi kutoka chini, ikatoa mlio wa ukuta, akatabasamu kwa fahari. Kitanda kikarudishwa.

* * *

Alhamisi saa nane mchana waliingia mke na muuguzi, Fundi akabaki mlangoni kwa heshima, amenyoosha shingo.

"Ngapi?" aliuliza.

Mke alikitazama kipimajoto, akamtazama mumewe, akakitazama tena kana kwamba kingeweza kumhurumia.

"Thelathini na nane."

"Na nane?"

"Imeshuka moja," muuguzi alisema, kwa sauti ile anayowatolea wagonjwa ambao hawana la kuambiwa.

Fundi alisahau heshima, akaingia, akakigonga kipimajoto kwa kidole. Thelathini na nane. Akakigonga tena. Akainua mkono, akaugusa ubao wa dari, akauondoa haraka. Ubao ulikuwa wa moto.

"Hiki kitu kimetoka wapi? Si kwa Meneja? Sasa mlitegemea kiseme nini? Kimetumwa!"

Alikichomoa ukutani, akatoka nacho uani, akafungua sanduku la mkewe akakichomeka katikati ya barafu iliyosagika. Majirani wawili walikuwa wamekuja kununua, wakasogea kuangalia. Fundi alisimama juu ya sanduku kama hakimu. Ule mstari mwekundu ulishuka, ukashuka, ukafika kwenye sifuri, ukatulia hapohapo, pale barafu inapotakiwa kuwa, bila kuongeza wala kupunguza.

"Kizima," jirani mmoja alisema.

Fundi alikifuta kipimajoto kwa shati lake, akakirudisha ukutani mwenyewe, akaenda kukaa nyuma ya nyumba. Mke alimfuata baada ya muda, akamkuta ameinamisha kichwa.

"Magunia tisa," alisema Fundi. "Maji hayapiti pale. Panya hapiti. Joto limepita wapi?"

"Muulize mama."

"Siwezi."

"Basi nikuulizie mimi, kama kawaida."

"Usiniulizie. Keshokutwa anaondoka, acha aondoke ananiona fundi."

Lakini nyumba yenyewe ilikuwa ndogo na masikio ya mama mkwe makali.

* * *

Ijumaa saa tatu asubuhi mama mkwe alimwagiza binti yake alete masanduku mawili ya barafu yaliyo sawa, magunia mawili ya usumba, na vipande viwili vya barafu vilivyokatwa kwenye bonge moja, kila kimoja kama tofali. Vyote vikawekwa juani katikati ya uwanja.

"Mwambie mume wako afungashe moja kama anavyojua," alisema. "Mimi nitafungasha la pili."

Fundi alikuja kwa sababu angekataa wangesema ameogopa. Alifungasha kwa ufundi wake wote. Alinyunyizia maji, akapanga usumba chini na pembeni, akatia barafu, akajaza juu, akashindilia kwa mti mpaka mbao za sanduku zikalia. Mama mkwe yeye aliuchambua usumba wake kwa vidole, polepole, uzi kwa uzi, mpaka fungu moja likawa rundo linalojaa mapajani. Akaudondosha ndani bila kuugandamiza, kama mtu anayelaza mtoto. Ukitazama kwa macho ya mshonaji ilikuwa kazi ya aibu. Fundi alimwonea huruma.

"Mwambie mama likimshinda nitamsaidia," alisema.

"Nimesikia," alisema mama mkwe, akafumba macho kitini pake.

Fundi hakwenda kazini siku hiyo. Alikaa kwenye kigoda akiyalinda masanduku, kwa sababu hakumwamini mtu. Na kwa kuwa lazima tuseme kweli, ilipofika saa tano, mama mkwe akiwa anakoroma, aliliburuta sanduku lake mwenyewe hadi penye kivuli cha nguo zilizoanikwa, na lile la bibi akalisogeza panapopiga jua zaidi. Halafu akarudi kwenye kigoda, akatazama mawingu.

Saa nane mke akafungua.

Aliingiza mkono kwanza kwenye sanduku la mumewe. Alipekua, akapekua, akauinua usumba uliotota maji, na mwishoni akatoa kipande cha barafu kama sabuni ya kuogea iliyokaribia kuisha. Kilimteleza, kikaanguka mchangani. Kisha akafungua la mama yake. Usumba ulikuwa mkavu. Tofali la barafu lilikuwa limepoteza pembe zake nne, ila alilitoa kwa mikono miwili.

Fundi aliligusa. Lilikuwa barafu kweli.

"Na pale alipoyasogeza masanduku," mama mkwe alisema, macho bado kayafumba, "mwambie mume wako ndiyo nilikuwa nakoroma kwa makusudi."

Fundi alitamani ardhi ipasuke. Mke aligeuka pembeni, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Lakini mama mkwe alikuwa amefumbua macho sasa, na hakuwa anacheka. Alichukua fungu la usumba wake akalishika juu, jua likapita katikati ya nyuzi.

"Mwambie hivi. Kinachozuia joto si usumba. Ni hewa iliyokwama humu katikati, haina pa kwenda. Usumba kazi yake ni kuishika tu hiyo hewa isitembee. Yeye akishindilia, anaifukuza. Nyuzi zinagusana, zinapokezana joto kama watu waliojipanga wakipokezana ndoo. Na akitia maji ndiyo kabisa, maji yanabeba joto haraka kuliko hewa. Kwenye godoro ni sifa. Kwenye dari amenijengea jiko."

Mke alifungua mdomo kulirudia lote hilo.

"Nimesikia," Fundi alisema. Alilitazama lile fungu. Kisha akauliza taratibu, "Mwambie mama, nikiulegeza hivyo, si utatuama wote upande mmoja baada ya mwezi?"

Lilikuwa swali la fundi, na mama mkwe alilipokea hivyo.

"Mwambie aushone ndani ya vitambaa viwili, kama shuka nene, apitishe uzi kila shubiri ili usihame. Si anajua kushona? Na asiufikishe mpaka kwenye bati. Aache nafasi."

* * *

Mchana huohuo seremala aliitwa kubomoa alichojenga juzi. Usumba ulitoka darini ukiwa vipande kama matofali, na kila kipande kilikuwa na mawimbi ya bati upande wa juu, jinsi ulivyobanwa. Vilikuwa bado vya moto. Fundi alivitandaza uani vikauke, akaketi chini, akaanza kuchambua.

Hicho ndicho kilikuwa kipimo chake hasa. Kushindilia amefanya miaka ishirini na mbili mbele ya watu wote. Sasa mbele ya watu walewale alikuwa analegeza. Mteja mmoja, mwenye gereji, alipita kwenye uzio akasimama.

"Fundi Jiwe! Umeanza kushona malaini?"

"Ni dari."

"Dari gani inachambuliwa kama nywele?"

Fundi alichukua kipande kingine cha usumba. "Mama mkwe wangu ndiye anayejua," alisema. "Mimi hapa ni kibarua."

Mama mkwe alikuwa upande wa pili wa uwanja akichambua gunia lake, na vidole vyake vilisimama kidogo, kisha vikaendelea. Mke alikaa katikati yao. Walichambua watu watatu mpaka taa zikawashwa, na alfajiri Fundi akaanza kushona, uzi kila shubiri, mkono mwepesi usiovuta. Ilikuwa ngumu kwake kuliko kushindilia. Kila mara mkono ulitaka kukaza. Jumamosi saa nne dari ilikuwa imefungwa. Iliingia magunia mawili na nusu, na usumba uliobaki ukalundikwa uani, karibu kilima.

* * *

Meneja alifika saa nane kamili, shati jeupe lenye jina la duka kifuani, paji la uso likimeremeta kwa jasho kwa sababu kiyoyozi cha gari kilikuwa kimekufa njiani. Alisalimia wote vizuri. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu mtu ambaye hajawahi kukosa namba ya kumpa mwenzake. Akaongozana nao moja kwa moja hadi chumbani, akanyoosha kidole kwenye kipimajoto kabla hajakisoma.

"Mnaona wenyewe, huyu mama..."

Kilionyesha thelathini na mbili.

Meneja alikigonga. Akakigonga tena.

"Hiki kimeharibika."

"Kimetoka dukani kwako, shemeji," mke alisema.

"Kitie kwenye barafu," Fundi Jiwe alisema kutoka mlangoni, kwa raha aliyokuwa ameiweka akiba tangu Alhamisi. "Sisi tulishakitia."

Meneja aliitazama dari, akainua mkono akaigusa, akauacha hapo. Mbao zilikuwa za vuguvugu tu, kama ukuta wowote. Jasho lilianza kumkauka usoni na yeye mwenyewe akaligundua. Kwa muda kidogo alionekana kutotaka kuondoka. Lakini alikuwa ameahidi nyumbani kwake kurudi na mama, na mfanyabiashara hakosi kitu cha pili mkobani.

"Sawa, nakubali, joto limepungua," alisema. "Ila joto si kila kitu. Mama, tumekununulia godoro la sponji. Nene futi nzima! Unalala unazama mpaka masikioni." Aliinama kwenye kitanda, akafunua shuka, akaligonga godoro kwa kifundo cha kidole. Lilitoa mlio. "Hebu ona unacholalia. Hili ni nini, mlango?"

Fundi Jiwe alinyoosha shingo. Alikuwa ameona mistari ya buluu. Ilikuwa imepauka karibu kuwa nyeupe, na pembeni kulikuwa na mshono wake wa ujanani, ule wa kuvuka mara mbili, ambao aliuacha siku hizi kwa sababu unachosha. Mahali kitambaa kilipochakaa palikuwa pametiwa kiraka kwa uzi mzuri, na si mara moja. Miaka kumi na moja. Mtu mzima wa kilo tisini akajikuta ameshika fremu ya mlango.

"Na wewe mwanyumba," Meneja aliendelea, "nakushauri kama ndugu. Umeshajua kulegeza dari, basi na hili lilegeze. Mpasulie mama hapa apumzishe mgongo. Usumba si umebaki huko nje?"

"Kama mama anataka," Fundi alisema kwa sauti ndogo, "nitalipasua leo hii."

Mama mkwe alikuwa amesimama kando ya dirisha. Alikuja, akamwondoa Meneja mkono juu ya godoro kama anavyoondolewa kuku kwenye unga, akalifunika shuka, akakaa juu yake kwa kishindo. Halikubonyea. Kisha akamtazama Fundi Jiwe, na mke, kwa mazoea, akajisogeza katikati akafungua mdomo tayari kupokea ujumbe. Mama akamwinulia kiganja anyamaze.

"Mkwe wangu," alisema, akimtazama machoni. "La juu umelilegeza vizuri. La chini ukiligusa, nahama."

Fundi aligeuka kwa mkewe. "Mwambie mama..." alianza, akakwama. Mke hakumsaidia. Alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya kanga, anacheka na kulia kwa pamoja.

Akageuka tena.

"Nimesikia, mama," alisema.